Chuma Chini ya Dirisha la Yaya

Niseme mapema: ule mvumo niliutoa. Niliutoa wote, na chumba changu cha kurekodia kikatulia kuliko studio yoyote kati ya hapa Baraka na Uvira. Hilo hakuna wa kuninyang'anya. Mengine nilishanyang'anywa.

Chumba chenyewe kiko nyuma ya nyumba, cha matofali ya udongo, nimekiegeshea magodoro mabovu ukutani ili sauti isirukeruke. Ndani kuna kompyuta iliyonifikia ikiwa imeshatumika na watu watatu. Betri yake ilikufa zamani, ukichomoa waya wa sharja inazimika hapohapo. Kuna mikro moja nzuri. Na kuna karte-son, kisanduku cha chuma kinachopokea sauti kutoka kwenye mikro na kuiingiza kwenye kompyuta. Umeme wangu ni wa jua: plake mbili juu ya bati, betri ya gari chini ya meza, na konvertisa, ile mashine inayogeuza umeme wa betri uwe umeme wa kuchomekea vitu. Kwa vyombo hivyo nilirekodi kwaya za Wakatoliki, za Waprotestanti, za wakimbizi wa Burundi, nani hakunipitia? Nilijiita fundi wa sauti. Nilijiita, ndiyo, na kichwa kilinivimba kweli.

Mvumo ulikuwepo tangu mwanzo. Lakini kwaya ya watu thelathini, na magitaa, na ngoma, na mama mmoja anayepiga vigelegele kila baada ya mstari, nani atausikia? Ulijificha humo ndani, nami nikajifanya sijui. Ulitoka nje siku ile mtu mmoja alipokaa mbele ya mikro akaimba peke yake, bila chombo chochote. Mtu huyo alikuwa yaya.

Yaya ni dada yangu mkubwa. Yeye ni wa kwanza kwa mama, mimi wa mwisho. Vita vilipotufukuza tukavuka ziwa kwenda Tanzania, mimi nilikuwa wa kubebwa, na aliyenibeba ni yeye. Mama yetu alifia kambini. Picha yake hatuna, uso wake siukumbuki, na msiniambie nifumbe macho nitauona, nimeshafumba sana. Kitu kimoja tu kilibaki cha mama: nyimbo zake za Kibembe. Za kulimia, za kutwangia mihogo, na moja ya kumbembelezea mtoto anayekataa kulala. Yaya alikuwa anazijua zote, tena kwa sauti ya mama mwenyewe. Wazee waliomjua mama walikuwa wanamwambia hivyo. Wengine walikuwa wanamwomba anyamaze.

Mimi hizo nyimbo sikuzijua. Nilijua vipande vipande, kama mtoto anavyojua sala za wakubwa. Sikujisumbua kuzishika, kwa sababu yaya yupo, na yaya akiwepo nyimbo zipo.

Halafu shingo yake ikaanza kuvimba. Mwanzo ilikuwa kidogo, anafunika na kitambaa, anacheka. Yeye ameolewa juu kule Kilembwe, kazi ni shamba, nani ana muda wa kwenda hospitali kwa ajili ya uvimbe usiouma? Ulipoanza kumbana pumzi ndipo wakampeleka Bukavu. Daktari akamwambia waziwazi: huu lazima utoke, na ukitoka, sauti inaweza kubadilika, inaweza hata isirudi. Wakampa siku ya kurudi kwa upasuaji.

Basi akashuka Baraka kukaa kwangu siku kumi, apumzike, asubiri gari. Hakuja peke yake. Mume alibaki na watoto na mashamba, akamtuma mama yake mzazi amsindikize, maana kwetu mke wa watu haendi kupasuliwa bila mtu wa upande wa bwana. Huyo mama mkwe wa yaya alikuwa mzee mkavu, mwenye macho makali na maneno machache. Nilimpa chumba kimoja na yaya, kile kinachopakana na studio yangu.

Yaya hakutua hata mzigo vizuri.

"Mudogo wangu," akaniambia, "sikukuja hapa kukala tu. Tia nyimbo za mama mu mashini yako mbele banipasue. Sauti ikibakia kule Bukavu, batoto bangu basikie ile ya hapa."

"Yaya, usiseme hivyo."

"Nasema vile iko. Tutaanza lini?"

Tukaanza kesho yake asubuhi. Nilimketisha kwenye kiti, nikamwekea mikro mbele ya mdomo, nikavaa kaske masikioni. Akaimba nyimbo mbili. Jamani, sitaki kueleza yaya alivyoimba. Mke wangu aliacha sufuria jikoni akaja kusimama mlangoni, na mama mkwe alikaa kwenye jiwe nje, mikono juu ya magoti.

Lakini mimi sikuwa nasikiliza nyimbo. Nilikuwa nasikiliza mvumo. Yaya anapoimba anaachia nafasi ndefu katikati ya mistari, kama mtu anayesubiri wengine waitikie, na katika kila nafasi ile kitu kikaingia: mmmmmmm, nene, huko chini, na juu yake kimlio chembamba kisichokoma. Nilipowarudishia wasikilize, mama mkwe aliinamia spika.

"Hii kitu iko na nyuki ndani?"

"Ni mvumo tu, mama. Nitautoa."

"Mi nasikia yaya bien," mke wangu akasema. "We unatafuta nini ingine?"

"Wewe unasikia yaya. Mimi nasikia uchafu."

"Acha ikuwe hivyo. Utasafisha kisha."

Nikamwambia aende akaangalie sufuria yake. Nilisema hivyo, mbele ya wageni. Nilikuwa nataka watoto wa yaya, na wajukuu wao, wamsikie mama yetu pekee, bila nyuki, bila konvertisa, bila umaskini wangu kuvuma nyuma yake. Basi nikazifuta zile nyimbo mbili. Ni kidole kimoja tu kinachohitajika kufuta. Yaya aliniangalia nikifuta, akasema hamna shida, nyimbo hazijaisha.

Siku mbili zilizofuata nilikuwa kichaa wa waya. Nilidhani ni waya wa mikro, nikaenda kuazima mwingine kanisani, mvumo uleule. Nikabadilisha tundu la kompyuta, uleule. Nikatoa simu zote chumbani, hata ya mama mkwe ambayo ilikuwa haina umeme, uleule. Nikazima taa, kile kimlio chembamba kikapungua kidogo, nikashangilia, halafu nikasikia kwamba mvumo mnene upo palepale umekaa. Nikasogeza kisanduku mbali na konvertisa, nikazungusha waya hivi, nikazungusha vile.

Ikabaki waya ya jirani. Hapa kwetu, ukiwa na plake juu ya bati, huwezi kumnyima jirani waya ya taa na ya kuchaji simu. Inatoboa ukuta inakwenda kwake, ndivyo tunavyoishi. Mimi niliichomoa bila kumwambia. Mvumo haukupungua hata chembe, na nilisahau kuirudisha siku nzima. Jirani alikuja kuuliza, nami nilikuwa na hasira zangu, nikamjibu kama mbwa.

Siku ya nne nikagundua kitu. Nilikuwa naegemea meza, mkono wangu ukagusa ubavu wa karte-son, ule wa chuma, na mvumo ukaanguka. Ukaanguka kabisa! Nikatoa mkono, ukarudi. Nikagusa, ukaenda. Niliita nyumba nzima. Yaya akaja, nikamvika kaske, nikamwonyesha: nagusa, naachia, nagusa, naachia.

Akacheka mpaka akashika shingo yake.

"Basi shika. We shika, mi naimba. Si tumemaliza?"

"Yaya, hii si kazi ya kushikashika. Nikisogea kidogo, nikijikuna, mvumo unarudi katikati ya wimbo."

"Usijikune."

"Ni aibu. Fundi gani anashika mashine kama anashika mbuzi wa watu?"

Mke wangu, kutoka mlangoni: "Kwani mukono yako iko na kazi gani ingine?"

Walicheka wote watatu, hata yule mzee mkavu alitoa jino. Mimi sikucheka. Nilikasirika, nikasema kama wanataka mchezo wakatafute simu warekodi kwa simu. Na ukweli ni kwamba hata simu ingetosha! Simu ya mke wangu ilikuwa pale, ina nafasi, ingeshika nyimbo zote. Hakuna mtu aliyethubutu kuitoa, kwa sababu mimi ndiye fundi wa sauti, na fundi amesema anataka safi. Nayasema haya nikiwa na akili zangu: yaya alikaa nyumbani kwangu siku ngapi, mzima, koo linatoa sauti, anaomba kuimba, na mimi namwambia ngoja.

Nikaenda kumuona fundi wa plake anayekaa karibu na soko. Nikamweleza habari ya mkono. Hakuniacha hata nimalize.

"Kisanduku yako haina terre," akasema. "Ule umeme mubovu unatafuta njia ya kwenda ku udongo, haipate, njo inalia. Ukishika, inapita mu mwili yako inashuka. We njo terre yake."

Akanieleza la kufanya. Nitafute chuma kirefu kama mguu wa mtu mzima. Nichimbe shimo la kufika kiunoni, mahali penye unyevu. Nikisimamishe kile chuma humo, nikizungushie makala, yale makaa ya kupikia, nitie chumvi, nimwage maji, nifukie, halafu waya ya shaba itoke kwenye chuma iende mpaka kwenye ubavu wa karte-son. Makala na chumvi, akasema, ndivyo vinavyofanya udongo ukubali. Na chumvi nisiionee huruma.

Haya sasa. Mtu wa kwetu anayesoma hapa ameshashika kichwa. Chuma, makala, chumvi, shimo. Mimi pia ni mtu wa kwetu, nilinyonya maziwa ya hapahapa, lakini akili yangu ilikuwa imeingia ndani ya kaske haitoki. Sikuona shimo. Niliona terre.

Jumapili ikafika. Niliwaambia kichwa kinaniuma, waende tu kanisani. Hakikuwa kinauma. Nilitaka wasinisumbue na maswali, hasa yule mzee, na nilitaka wakirudi wakute muujiza umeshatendeka. Walipopinda kona tu nikachukua jembe. Karibu na studio palikuwa na mahali pamoja tu penye unyevu, chini ya dirisha la chumba cha yaya, pale maji ya kuogea yanapomwagika. Nikachimba pale. Nilikuwa na kipande cha nondo kilichobaki tulipojenga. Makala yalikuwa yanatawanyika, hayakai kwenye chuma, nikaangaza macho nikaona kwenye kamba ya nguo kuna kitambaa chakavu cha kitenge, kimechanika, nikadhani ni cha kufutia vyombo. Nikafungia makala ndani yake, nikakizungusha kwenye nondo, nikakaza vizuri. Nikashusha. Nikamimina chumvi, kilo nzima, nikamwaga maji, nikafukia. Halafu, kwa sababu mke wangu hapendi uwanja wake uharibiwe, nikafagia pale juu mpaka pakawa kama hapakuguswa.

Niongeze kitu gani? Ningeitwa nitoe mafunzo ya namna ya kuonekana mlozi, nisingefanya vizuri zaidi.

Nikapitisha waya ya shaba dirishani kwa yaya, kwa sababu studio haina dirisha, nikatoboa ukuta, nikaifunga kwenye karte-son. Nikavaa kaske. Nikawasha.

Kimya. Sijui niwaambieje. Nilidhani kaske imekufa. Nikapuliza kwenye mikro, nikasikia pumzi yangu, safi, na nyuma yake hakuna kitu. Nikaita "mama" kwenye mikro, mara moja, kwa upumbavu tu, na machozi yakanitoka. Mtu mzima.

Waliporudi kutoka kanisani, yaya alikuwa anang'aa. Walikuwa wamemwombea, na yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo, na kanisa lote lilisimama.

"Mvumo umekwisha," nikamwambia.

"Kweli? Basi twende. Leo njo sauti iko muzuri, nimetoka kuimba."

"Leo koo limechoka. Pumzika. Kesho asubuhi, likiwa freshi, tunamaliza zote."

"Mudogo wangu, mi sichoke."

"Kesho, yaya."

Akaniangalia. Akasema sawa. Kwenda Bukavu kulibaki siku tatu, nafasi ilikuwepo tele.

Jumatatu niliamka mapema nikaenda sokoni kumtafutia asali na tangawizi. Nilizunguka kwa muda kwa sababu asali ya kwanza niliyoonjeshwa ilikuwa sukari na maji. Niliporudi jua lilikuwa limeshapanda, na uwanja wangu umejaa watu. Nilidhani kuna msiba. Nikakimbia.

Shimo lilikuwa wazi. Mama mkwe alikuwa ameamka, amefungua dirisha, akaona waya mpya ya shaba inayoingia ndani ya chumba anacholala mke wa mwanawe. Akaifuata kwa macho mpaka inapoingia udongoni. Akachukua jembe mwenyewe, mzee yule, akachimba. Na sasa vitu vilikuwa vimewekwa juu ya gunia, mbele ya watu: nondo, makala, udongo mweupe wa chumvi, na kile kitambaa.

"Njo nini hii?" akaniuliza. Hakupaza sauti.

"Ni terre, mama! Inapeleka umeme mubaya chini!"

"Umeme wa chumvi?"

"Muulizeni fundi wa plake! Yeye ndiye alinifundisha!"

"Uliichimbia lini?"

"Jana."

"Saa ngapi?"

"Mulikuwa kanisani."

Jirani yule wa waya akasema, si kwa nguvu, kwamba hata mwanga nilikuwa nimeshaanza kuwanyima watu. Mke wangu akamwambia afunge kinywa. Mama mkwe hakugeuka, aliokota kile kitambaa akakikung'uta makala.

"Na hii ni ya nani?"

Mimi kwanza sikujua kwamba hilo ni swali.

"Ni yangu," yaya akasema. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono shingoni. "Ni kile nafungiaka ku shingo. Nilikuwa nakitafuta tangu jana."

Nikasema sikujua, nikasema nilidhani ni cha vyombo, nikasema maneno mengi, na kila neno lilikuwa linanizamisha. Basi nikafanya kitu kimoja nilichodhani kitaniokoa. Nikarudisha nondo shimoni, nikaisukuma kwenye tope, nikamshika yule mzee mkono, nikamwingiza studio, nikamvika kaske masikioni. Nikafungua waya ya shaba kwenye karte-son: mvumo ukaja, niliona macho yake yakishtuka. Nikaifunga: kimya.

"Umesikia, mama? Nikifungua iko. Nikifunga haiko. Njo kazi yake tu!"

Akavua kaske polepole, akaiweka juu ya meza.

"Nimesikia," akasema. "Kumbe ukiitia, sauti inapotea."

"Hapana! Ni mvumo ndio unapotea! Si sauti!"

Alikuwa ameshatoka. Nje nikamsikia anawaeleza watu alichosikia kwa masikio yake mwenyewe, na alieleza kwa ukweli, hakuongeza kitu. Kitenge walikichoma palepale. Nondo hakuna aliyetaka kuigusa.

Mchana uleule walihama, wakaenda kungojea gari kwa mama mmoja wa kanisa. Nikamfuata yaya mpaka barabarani. Nikamwambia aimbe, hata pale pale njiani, nitaleta simu, nitaleta kompyuta, nitashika kisanduku kwa mikono miwili, mvumo uvume unavyotaka. Nikamwambia: yaya, wewe unanijua. Ulinilea wewe. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Nitaimba nikirudi," akasema.

Alisema hivyo kwa upole kabisa. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Jioni hiyo nilifukia shimo kwa hasira, nondo ikiwa ndani, na makala mapya, na chumvi nyingine. Nilisema hawatanifanya niogope chuma changu mwenyewe. Mke wangu aliniambia niache, nikamwambia anyamaze, naye tangu siku ile ana namna yake ya kunyamaza.

Yaya alipasuliwa. Uvimbe ulitoka, pumzi zikafunguka, analala vizuri, anarudi shambani, Mungu ashukuriwe. Sauti haikurudi. Kilichobaki ni kunong'ona kwa upepo tu. Daktari alisema ni lile alilowaonya tangu mwanzo, mshipa wa sauti uko karibu sana na uvimbe. Sikumlaumu daktari, yeye alisema kabla. Lakini kule Kilembwe daktari hakuhitajika kueleza kitu. Walikuwa wameshajua sauti ilikwenda wapi, na nani aliifungia kwenye kitenge.

Kwaya zikapungua. Wengine walisema watakuja mwezi ujao. Wengine hawakusema. Bamama wawili watatu huwa wanavuka barabara wakiniona, halafu wananisalimia kutoka ng'ambo, kwa heshima zote. Wakimbizi wa Burundi wanakuja bado, wanaimba vizuri, na ninapowarudishia wasikilize wanasema ni safi sana. Najibu asante.

Nilijaribu kuziandika nyimbo za mama. Nilipata mistari minne ya ule wa kubembeleza, na mmoja sina hakika nao. Nilituma ujumbe kwa yaya kwa simu aniandikie maneno mengine. Hakunijibu, au alinijibu moyoni tu.

Halafu mwaka huu, msimu wa mihogo, akaja. Alikuja peke yake, mchana, akiwa na furushi la unga kichwani. Mke wangu alipomuona alilia. Mimi nilisimama tu. Shingo yake ilikuwa nyembamba, ina mstari mmoja kama mkufu. Akaketi, akanywa maji, akauliza habari za watoto, na ilibidi wote tusogee ili tumsikie.

Kisha akaniita nje.

"Sikukuja kugombana," akanong'ona. "Nimekusamehe. Zamani. Niliombea hiyo na Mungu akanipa."

"Yaya, unanisamehe nini?"

Akanipapasa mkono, kama mtu anayemtuliza mtoto asijitie aibu zaidi.

"Bananiambia ulirudisha ile chuma. Iko mu udongo?"

Nikasema ndiyo, ipo.

"Itoe, mudogo wangu. Itoe tu. Sitaambia muntu."

Ningeweza kumweleza tena. Umeme, mkono, terre, mshipa wa sauti. Maneno yalikuwa yamenijaa mpaka hapa. Lakini nilimtazama usoni nikaona kwamba ametembea njia yote ile kutoka Kilembwe akiwa na tumaini, na tumaini lenyewe ni mimi, mlozi wake, ndugu yake, kwamba nitamhurumia. Nikachukua jembe. Nikachimba. Mke wangu aliingia ndani akafunga mlango. Nondo ilitoka na kutu, na makala yamegandana, nikavitandaza chini mbele yake, kimoja kimoja, nikamwonyesha mikono yangu, nikamwonyesha shimo mpaka mwisho wake. Hakuna kingine. Aliinama akaangalia ndani ya shimo, muda mrefu.

Akasimama. Akajipangusa midomo. Akavuta pumzi, akafungua kinywa, na nilimuona anaanzisha ule wa mama wa kubembeleza, nilijua kwa jinsi anavyoinua kidevu. Upepo tu ukatoka. Akafunga kinywa. Akajaribu tena kutoka chini, mshipa ukamtoka shingoni, na ukatoka upepo uleule.

Hakulia. Alinigeukia, bila hasira yoyote, kama dada anayemuuliza mdogo wake kitu alichokificha na kusahau.

"Chuma ingine uliificha wapi?" akaniuliza.